Vidonge vya utamu, asali ya Tabora na mapishi ya fasta: tufumue hili fundo

Nianze na kisa cha mama, maana ndo kilichonifanya niache kusoma vitu nusunusu.

Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa sita, anatumia vidonge vya hospitali, na tangu apimwe akakutwa nacho sisi hapa nyumbani Isevya, Tabora mjini, tulijiona wajanja kweli. Sukari tukaifukuza ndani. Kabatini kikaingia kile kikopo kidogo cha vidonge vya utamu, unakibonyeza kinadondosha kimoja kwenye chai, soda ikinunuliwa lazima iwe zero, ile isiyo na sukari, na juisi ni ile ya unga wa pakiti. Sasa Jumamosi moja mama kameza dawa asubuhi akasema atakula akirudi, akaenda kwenye kikoba, na vikao vya kikoba si unavijua, ikikosekana elfu mbili kwenye hesabu hamtoki mpaka ipatikane. Karudi saa nane mchana jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Mpwa wangu wa kidato cha pili akachomoka mbio mpaka dukani, akarudi na soda, mama akanywa nusu chupa, tukakaa tunasubiri. Wapi. Ndo kwanza analegea. Akaja jirani, mama mmoja mtu mzima aliyeuguza mumewe miaka na miaka, akaigeuza ile chupa akaiangalia akasema, "Nyie wanangu, mbona mnampa zero? Leteni sukari, sukari yenyewe." Tukaangaliana. Nyumba nzima haina sukari hata punje. Ikabidi akaichote kwake, vijiko 4 vya chai kwenye nusu glasi ya maji, na baada ya robo saa hivi mama akaanza kuuliza kilemba chake kiko wapi.

Mpwa hakukosea, kanunua soda ambayo nyumba hii inanunua siku zote. Tuliokosea ni sisi wakubwa, kichwani tulishafanya utamu na sukari kuwa kitu kimoja. Na nikawa nikiongea na watu dukani kwangu (nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua, kwa hiyo maneno nayasikia ya kila aina) naona tuko wengi, kuna wanaoapa vile vidonge ni sumu ya kansa, kuna wanaovinywa kama dawa ya kupunguza tumbo, na hapa Tabora lazima utakutana na anayesema asali haihesabiwi. Mi sio daktari, ila nimekaa nayo hii mada, ngoja niifumue uzi mmoja mmoja.

Ulimi una sehemu zake za kupokea utamu. Sukari ikigusa pale ubongo unaambiwa tamu hiyo, halafu ikishuka tumboni inaingia kwenye damu na mwili unapata nguvu, kila gramu 1 kama kalori 4. Hivi vitu vingine vinagusa palepale na ubongo unapata taarifa ileile, ila nyuma yake hakuna mzigo, au upo kiduchu usiohesabika. Ni kama enzi zetu shuleni, kengele ya uji imepigwa, watoto wote wamejipanga na vikombe, jikoni hamna uji. Mtu mwenye sukari ya juu hiyo kwake ni nafuu, kapata raha ya kengele bila mzigo. Mtu ambaye sukari imeshuka kama mama siku ile, unampigia kengele tu mpaka azimie na kikombe mkononi. Yule anahitaji gramu kama 15 hadi 20 za sukari ya kweli, ndo vile vijiko 4, au soda ya kawaida kama nusu chupa, na akishakaa sawa ale chakula. Na kama ameshapoteza fahamu usimwekee kitu chochote mdomoni, kitampalia, mkimbizeni hospitali.

Vitu vyenyewe vimepatikanaje, hapa kuna kichekesho. Karibu vyote viligunduliwa na mtu ambaye hakunawa mikono. Mwaka 1879 kule Marekani mkemia mmoja, Constantin Fahlberg, alikuwa anachezea vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe, akarudi kula mkate, mkate mtamu ajabu, kumbe ni vidole vyake, hiyo ndo sakarini. Mwaka 1937 Michael Sveda kaweka sigara pembeni ya meza ya maabara, kaichukua tena, sigara tamu, hiyo saiklameti. 1965 James Schlatter anatafuta dawa ya vidonda vya tumbo, kalamba kidole ashike karatasi, ndo aspatemu. Ya sukralozi ya 1976 pale London ndo inanimaliza kabisa, Shashikant Phadnis aliambiwa na bosi wake aipime ile kemikali, kwa Kiingereza kupima na kuonja yanakaribiana masikioni, yeye akasikia onja, akaonja. Angekosea kitu kingine saa hizi tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine.

Ukali wa utamu wake ndo wa kushika. Aspatemu ni kama mara 200 ya sukari, sakarini mara 300 hadi 400, sukralozi kama mara 600. Kwa hiyo kinachowekwa ni chembe. Kwenye pakiti mara nyingi hawaandiki jina unalolijua wewe, ila ukikuta namba E951 ni aspatemu, E950 ni asesalfemu, E952 saiklameti, E954 sakarini, E955 sukralozi, E960 ni stivia ile ya majani kutoka kwa Waguarani wa Paraguay. Nilivyoanza kugeuza pakiti nikakuta nyingine zimechanganya viwili vitatu na sukari humohumo, juu limeandikwa embe, embe lenyewe halijulikani liliko. Na sisi tunakaa Tabora, mji ambao ukifika Desemba maembe yanakudondokea kichwani ukiwa kwenye boda.

Sasa uzi wa kansa, huu ndo umechanganya watu kuliko wote.

Julai 2023 lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aspatemu kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Redio na magrupu ya wasapu yakalipuka, watu wakafunga kikopo wakatupa. Ila yale makundi yanapima kitu kimoja tu, ushahidi uko imara kiasi gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama za kusindikwa kama soseji ziko kundi la 1 kabisa, na ukienda jioni kwenye vibanda vya chipsi utaona foleni ilivyo. Dondoo ya jani zima la alovera, ile ambayo watu wananywa kusafisha tumbo, nayo iko 2B pamoja na aspatemu. Siku hiyohiyo kamati nyingine ya wataalamu, hii ndo inayopima kiasi, ilisema kikomo kinabaki kilekile, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 piga hesabu, miligramu 2,400. Kopo moja la soda ya zero likiwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatemu, lazima anywe makopo 8 hadi 12 kwa siku moja, kila siku, ndo afike. Sijui mtu wa hivyo, na kama yupo nadhani ana shida nyingine zaidi.

Wapo watu ambao aspatemu hawatakiwi kuigusa kabisa, wale waliozaliwa na ugonjwa adimu ambao mwili hauwezi kuchakata fenilalanini, moja ya vitu viwili vilivyoitengeneza aspatemu, ndo maana pakiti zina onyo lake dogo pale chini. Wengine sisi hatuko huko.

Ila nikabadilisha kilo. Badala ya mtu mzima nikaweka mtoto wa kilo 15, wa kama miaka 3 au 4, na badala ya soda ya kopo nikaweka barafu za mtaani, na hapo ndo nilipokaa kitako.

Kuna dada mmoja anauza barafu na ubuyu maeneo ya huku kwetu, mtu wa watu, nikamuuliza anatia nini utamu, hakunificha. Sukari akitia anauza kwa hasara. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika baada ya zile mvua za El Niño kusumbua mashamba na viwanda, ndo alihamia kwenye unga wa sakarini, na sukari ilivyorudi yeye hakurudi. Na sio wa kwanza duniani, sakarini yenyewe ilishika soko wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Ulaya sukari ilipokata. Anatia kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 20. Kijiko cha unga ule tuseme ni gramu 4, ukizidisha mara 300 ni utamu wa sukari kilo 1 na robo pungufu kidogo. Yaani kijiko kimoja kinamuokolea zaidi ya kilo nzima ya sukari, nani asiyemuelewa?

Haya, gramu 4 kwenye lita 20 ni miligramu 200 kwa lita, barafu ya mililita 100 inabeba miligramu 20. Kikomo cha sakarini ambacho ile kamati ya kimataifa imekitumia miaka mingi ni miligramu 5 kwa kilo ya mwili, mtoto wa kilo 15 kikomo chake 75. Barafu ya nne kashapita. Na siku za jua la Oktoba hapa Tabora barafu nne kwa mtoto ambaye shangazi kaja na chenji ni kitu cha kawaida kabisa. Sasa usikimbie barabarani unapiga kelele, kikomo hicho huwa kimewekewa akiba kubwa, kwa kawaida mara 100 chini ya kile kiwango ambacho wanyama wa maabara walipewa wasionyeshe madhara, na zile tafiti za miaka ya 1970 za panya waliolishwa sakarini nyingi wakapata saratani ya kibofu zilishachambuliwa, Marekani wakaiondoa sakarini kwenye orodha yao ya visababishi vya saratani mwaka 2000 baada ya kuona kilichotokea kwa panya hakitokei hivyo kwa binadamu. Mi ninachosema ni kwamba soda ya kopo kuna mtu kapima kwa mashine, barafu ya mtaani inapimwa kwa jicho, na jicho likichoka kijiko kinakuwa viwili.

Uzi wa tumbo na kitambi huu nitaupita haraka. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo, likasema hivi vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kupunguza uzito, maana ukiangalia kwa muda mrefu havionyeshi kupunguza mafuta ya mwili, kwa wakubwa wala watoto. Kuna tafiti zinaonyesha watumiaji wa muda mrefu wanaugua zaidi kisukari na moyo, lakini hapo kuna mtego, huwezi kujua kama kidonge ndo kimemletea au alianza kidonge kwa sababu alishanenepa, ndo maana mwongozo wenyewe waliuita wa masharti, yaani ushahidi wake haujawa na uhakika wa kutosha. Na kuna sentensi ambayo wengi hawakuifikia, kwamba mwongozo huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mama hahusiki. Mimi na kitambi changu ndo tunahusika, na mimi ndo niliyekuwa namaliza kikopo.

Tuje kwenye asali sasa, na hapa najua naandika nikiwa nimezungukwa.

Mke wangu ni Mnyamwezi wa Sikonge, kwao mizinga iko porini tangu babu wa babu, mama mkwe akija haji mkono mtupu, anashuka na dumu la asali ya miombo, nyeusi, ina harufu ya moshi kidogo, ukiionja unasahau maneno yote. Nikasema pale mezani kwamba asali nayo ni sukari. Kimya. "Baba Neema," mke wangu akasema taratibu, "asali hii babu yangu kaitumia mpaka kafa na miaka tisini na kitu." Sibishani na babu. Ila asali kwa makadirio ni asilimia 80 sukari na inayobaki karibu yote ni maji, na kwa kuwa ni nzito, kijiko cha chai cha asali kina gramu kama 7, ndani yake sukari 5 na ushee, wakati kijiko cha sukari ya dukani ni gramu 4. Yaani kijiko kwa kijiko asali inazidi! Shirika la Afya linaihesabu kapu moja na sukari ya mezani, na juisi ya matunda humohumo hata uikamue mwenyewe. Kikomo chao cha 2015 ni chini ya asilimia 10 ya nguvu zote za siku, kwa mtu wa kawaida kama gramu 50, vijiko 12, na wanasema ukishuka mpaka vijiko 6 ni bora zaidi. Soda moja ya mililita 300 ina kama vijiko 8. Faida ya asali ni kwamba ina ladha nyingi, kijiko nusu kinatosha kazi ya viwili ukiiweka mwishoni chai ikishapoa kidogo. Halafu mtoto chini ya mwaka 1 usimlambishe asali hata tone, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga, hili hata mama mkwe nilimwambia na alikubali japo kwa kununa.

Sukari guru, ileile.

Basi ukishafumua nyuzi zote unabaki na swali la nyumbani, unapunguzaje. Nilijaribu kwanza kuacha kwa mkupuo, siku ya tatu nikanywa soda mbili zimefuatana. Nikaanza upya, nikawa naandika tu nyuma ya daftari la madeni la kibandani kila nikishika kitu kitamu ni saa ngapi. Wiki moja. Kumbe karibu vyote ni saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Yaani hamu ya utamu ilikuwa njaa tu, natoka nyumbani na chai kavu, saa nne tumbo linaunguruma, pale nje kuna andazi na soda, utafanyaje. Tangu hapo naamini kikopo cha vidonge ni tatizo la sufuria, kama ndani kuna chakula cha dakika 15 au 20 hutakitafuta, kama hakuna utazunguka na zero mpaka uchoke.

Asubuhi kwetu yameokoa matobolwa. Kwa msiojua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, michembe ndo vile vilivyokatwa vibichi vikaanikwa. Usiku unaloweka, asubuhi unachemsha na karanga za kutwanga mpaka ziwe rojo, chumvi kidogo, basi, utamu umo humohumo na kinashika mpaka mchana. Wenye kisukari wasijaze bakuli, ni wanga huo, mama anakula vipande vyake vinne na yai la kuchemsha.

Na viazi vitamu vibichi navyo vina siri niliyoijua ukubwani. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya kiazi, na kinafanya kazi kiazi kikiwa cha moto ila hakijachemka. Ukitumbukiza kiazi kwenye maji yanayotokota unakiua mapema. Weka kiazi kizima na maganda yake kwenye maji baridi, moto mdogo, joto lipande taratibu. Nilifanya sufuria mbili siku moja viazi vya fungu moja, nikawapa watoto bila kuwaambia, wote wakaenda kwenye ile ya moto mdogo. Kwa hiyo huu utamu unaongezeka bure bila kijiko, ila ni sukari pia, kwa mama tunapika kwa njia ile ya haraka. Umeona inavyochekesha, njia moja ya mwenye kisukari nyingine ya asiye nacho, kiazi kilekile.

Mchana na usiku Kigoma inaingia jikoni. Mama ni mtu wa Ujiji, dagaa zake zinakuja na treni, na dumu la mawese pembeni. Dagaa wa Kigoma ndo chakula cha fasta kuliko vyote ninavyovijua: wachague, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu mchanga ushuke chini ya beseni, wachuje wakauke. Kikaango kikavu, moto wa kati, wageuze mpaka waanze kurukaruka na sauti ibadilike, iwe kama unakoroga maganda ya karanga, toa weka pembeni. Hapohapo mawese kijiko 1 cha chakula, kitunguu maji kikubwa kimekatwa vyembamba, na hapa usiwe na haraka, kiache kama dakika 7 au 8 moto mdogo mpaka kilainike kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu kikipikwa hivyo kinatoa utamu wake mwenyewe na hutamani tena ile tomato sosi ya chupa ambayo ukigeuza utakuta sukari humo ndani. Nyanya 2, pilipili mbuzi nzima usiipasue, rudisha dagaa, dakika 3, epua ukamulie ndimu. Unawala na mifupa yao, ndo kalsiamu hiyo.

Mawese yana ugomvi wake. Wengine wanayachoma mpaka yawe meupe ndo wanakaanga. Ule wekundu ndo chanzo cha vitamini A, ukiuchoma umebaki na mafuta tu, na karibu nusu ya mafuta yale ni ya kuganda, kwa hiyo kijiko, sio upawa. Mama akiniona na kijiko ananiangalia kama nimemnyima urithi.

Maharage yanaogopwa eti yanachukua muda. Yanachukua, ila muda huo unautoa mara moja tu kwa wiki. Jumamosi usiku loweka kilo 1, Jumapili mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, gawa kwenye vikopo vya siagi vilivyoisha, weka friza. Jumatano ukitoka kazini unachukua kopo moja, kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, karoti ya kukwaruza, robo saa unakula. Kwenye sahani mi nafuata kipimo walichompa mama kliniki, nusu mboga za majani, robo wanga, robo samaki au maharage, ugali wa dona au wa muhogo poa tu ila uwe robo, mlima wa zamani umeisha. Mchicha dakika 5. Mlenda dakika 10. Uyoga wa mvua za kwanza ukipita barabarani nunua kwa mtu unayemjua, uyoga hauna majaribio.

Kitu kimoja usikiharakishe kwa hali yoyote ni sombe, kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanaidi, yale ya kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu mfuniko wazi yamewekwa na wazee kwa sababu. Ukiwa na dakika 20 pika kitu kingine.

Chai ndo ilikuwa vita ya mwisho. Nilikuwa vijiko 3, au vidonge 3 enzi za kikopo. Nikashusha nusu kijiko kila baada ya wiki hivi, na birika nikalijaza mchaichai, tangawizi iliyopondwa, iliki na kijiti cha mdalasini, pua ikishughulishwa ulimi unasahau kudai. Kwenye wiki ya tatu ya kijiko 1 nilienda msibani nikapewa chai ya vijiko vingi, nikashindwa kuimaliza, niliona kama nakunywa uji wa sukari. Sijui kwa wengine, kwangu ulimi ulirudi. Kwenye juisi nako tumeacha pakiti, ukwaju unalowekwa, maji mengi, barafu, na embe bora ulitafune na nyuzi zake zikukwame kwenye meno kuliko kukamua manne kwenye glasi moja.

Kikopo cha vidonge hatujakitupa. Mama anadondosha kimoja kwenye chai yake ya jioni, na daktari wake hana neno. Kilichobadilika ni kabati la juu, sasa kuna robo kilo ya sukari kwenye mtungi wa kioo na chupa moja ya soda ya kawaida, yenye sukari zake zote, mpwa wangu kaiandika kwa maka peni herufi kubwa: DAWA YA BIBI. Hii ni ya tatu. Ya kwanza mama aliinywa mwezi wa nne alivyotetemeka tena na ikafanya kazi yake. Ya pili ilipotea Jumapili moja watoto walipobaki peke yao, na mpaka leo hakuna aliyekubali.